Ufunguo Niliomwachia Mtani Gerezani

Ndugu zangu wa kijiwe cha kahawa,

Nimesikia mnayoyasema. Kwamba Maganga alikwenda Dar es Salaam kumchukua shangazi yake hospitalini, akachelewa kurudi siku nne nzima, na kwamba huko mtaa wa Gerezani alimwachia mwanamke ufunguo. Yote ni kweli. Lakini mkiendelea kuyaokota kipande kipande mtanimaliza, kwa hiyo nimeyaandika yote. Mmoja awasomee wenzake, na mkicheka, chekeni pale panapostahili.

Shangazi Doto mnamjua. Macho yake yalishikwa na mtoto wa jicho, na kwa miaka sita alikuwa akitutambua kwa sauti na kwa nyayo. Pacha wake, Shangazi Kulwa, mnajua kwamba hajaamka kitandani tangu masika yaishe. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma safari yote: hatukujua kama Kulwa angemsubiri mwenzake.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku waliyomfungua bandeji, nesi alimletea kioo ajitazame. Shangazi akakisukuma kwa mkono.

"Kioo changu kipo Tabora," akasema. "Nitajitazama huko."

Daktari alitupa masharti: matone kila baada ya saa mbili, asiiname, asibanwe, asipigwe vumbi, na basi tulisahau kwa wiki kadhaa. Nikamjibu kwa kifua mbele kwamba gari lipo. Mnalijua gari langu. Liliingia nchini wakati bado nina nywele.

Ilala mpaka Buguruni

Tulikuwa tumefikia Ilala, kwa mdogo wangu Mariamu. Jumatatu tukaondoka baada ya chai. Shangazi alikaa mbele na miwani yake myeusi, akawa anasoma kila kilichoandikwa barabarani, kwa sauti, kama alivyofundishwa zamani kwenye kisomo cha watu wazima. "Magodoro. Kinyozi. Hapa Hatukopeshi. Duka la Dawa." Sijawahi kufurahia mabango kiasi hicho.

Pale njia panda ya Buguruni gari likakohoa mara mbili, likazima. Starta ilikuwa inapiga vizuri, injini haishiki. Honi zikaanza nyuma yetu. Wanaume wanne nisiowajua wakalisukuma pembeni, na kabla sijawashukuru mafundi wakawa wameshafika. Hakuna aliyewaita. Wa kwanza akasema ni plagi, akazitoa. Wa pili akasema ni pampu ya mafuta, akavua kiti cha nyuma. Wa tatu akasema wenzake hawajui kitu, ni koili. Jua likapanda, gari likawa limefumuliwa kama kuku wa sikukuu, na mimi, mnanifahamu, nikaanza kufoka.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza supu hapo jirani akaniita. "Baba, gari halisikii matusi. Njoo ukae, mlete na mama."

Tukakaa kwenye benchi lake. Supu ya utumbo, ndimu, pilipili mbuzi na chapati mbili. Nilipomaliza bakuli niligundua kwamba hasira yangu nusu ilikuwa njaa. Hapo akaja fundi wa nne, mzee wa makamo, akapima kimya kimya, kisha akafunga boneti.

"Mafuta yanafika. Plagi nzima. Moto ndio haupo. Hapo kontrolboksi imekufa."

Nikamwuliza ndiyo nini.

"Kompyuta ya injini. Ndiyo inayoamuru mafuta na moto. Hiyo si kazi yetu sisi, mpelekee Bosco, yuko nyuma ya soko la Mchikichini."

Shangazi akaacha kutafuna. "Gari lina kompyuta? Siku zote hizi? Na hujawahi kuitumia kuniandikia hata barua moja."

Jioni simu ikalia. Ni Shangazi Kulwa, kwa simu ya mjukuu wake. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Aliuliza tumefika wapi.

"Chalinze," akajibu Shangazi Doto bila kupepesa. "Tumekula mahindi ya kuchoma."

Nikamkodolea macho. Akakata simu, akanigeukia. "Akisikia tumekwama atakata tamaa. Wewe tengeneza gari. Safari niachie mimi."

Kurudi Ilala kwa kamba

Jumanne tulivutwa kwa kamba mpaka kwa Bosco. Ni Mmakonde wa Newala, kijana wa miaka thelathini hivi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Ana ua mdogo unaopakana na soko, kwa hiyo siku nzima unasikia wauza mitumba wakinadi nguo za shilingi mia tano: "Jero, jero! Chagua upendeze!" Shangazi alikataa kubaki kwa Mariamu. Alisema gari likiwa hospitali lazima liwe na ndugu. Bosco akamwekea kiti chini ya turubai, mbali na vumbi.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mzee wangu," akasema, akajipenyeza chini ya dashibodi, akatoka na kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu. Akakifungua kwa bisibisi, akaniletea puani.

"Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya samaki aliyeungua.

"Kapasita imevuja. Hayo maji yake yamekula njia za umeme kwenye bodi. Ngoja tujaribu."

Alichomea njia mbili kwa risasi iliyoyeyushwa, kwa utulivu wa mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Gari likawaka! Nikapiga kelele mpaka wauza mitumba wakachungulia. Robo saa baadaye likazima tena.

"Sikiliza mzee," Bosco akasema, "nikitaka kukudanganya nakudanganya, utafika Mlandizi. Kuanzia hapo utanitukana mpaka Tabora. Dawa ni kubadilisha."

Nilimpenda kuanzia hapo. Akanielekeza kwa Bi Mwanahawa wa Gerezani, anayeuza kontrolboksi zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa. Akaniandikia namba ya kile kisanduku kwenye kipande cha boksi la viatu.

"Namba ifanane herufi kwa herufi. Na usiichukue bila mwenzake. Bila mwenzake haifanyi kazi, umenielewa?"

Nikajibu nimeelewa. Ndugu zangu, hilo neno "nimeelewa" limenigharimu kuliko neno lolote maishani. Niliona soketi yenye nyaya inayochomekwa kwenye kile kisanduku, nikaamua moyoni kwamba mwenzake ndiye huyo.

Simu ikalia tukiwa hapo hapo uani. Kwa hesabu ya Shangazi tulikuwa tumefika Morogoro. Kulwa akauliza hizo kelele za jero jero ni za nini.

"Ni stendi ya Msamvu, mwenzangu," akasema Doto. "Watu wa hapa wana makelele!"

Gerezani

Jumatano nikaenda kwa miguu. Asiyepajua Gerezani nimweleze hivi: magari yote ya Dar yakifa, roho sijui zinakwenda wapi, lakini viungo vinakuja pale. Kuna mtaa wa taa tupu, mtaa wa milango, duka la shokomzoba peke yake. Nilifanya kosa la kuuliza "wauza kompyuta", nikapandishwa ghorofa ya tatu kwa kijana mpole aliyeanza kunionyesha za wanafunzi. Alipojua ninachotafuta alicheka, akanishusha mwenyewe mpaka mlangoni kwa Bi Mwanahawa.

Ni mama wa miaka sitini hivi, kanga mbili, kalamu sikioni. Nyuma yake visanduku vya bati vimepangwa kutoka sakafuni mpaka darini. Alisoma namba yangu mara moja, akapanda kigoda, akachomoa kimoja bila kubabaika. Herufi kwa herufi. Kilikuwa na soketi yake na nyaya zake, na pembeni umefungwa ufunguo mmoja kwa waya. Bei tuliyopatana si lazima mwijue.

"Lafudhi hiyo si ya hapa," akasema akinifungia. "Watoka wapi, kaka?"

"Tabora."

Uso wake ukabadilika kama aliyeokota kitu. "Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi kamili."

"Yarabi! Jamani, njooni muone! Kumbe Mnyamwezi siku hizi anaendesha gari! Babu zake walipita kwetu na mizigo kichwani, wakala mihogo yetu yote, hawakusema hata ahsante!"

Mnajua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Wakubwa wetu walipokuwa wakishuka pwani ndipo yalipoanzia, na mtani hakasirikiwi. Nami nikamjibu kwamba mihogo yenyewe ilikuwa michungu, na kwamba Wazaramo tuliwakuta wamelala na tukapita tukawaacha wamelala. Duka zima likacheka. Hapo akachukua koleo, akakata ule waya, akautia ufunguo kwenye pindo la kanga yake, akafunga fundo.

"Huu mateka. Ukiutaka, ukomboe kwa asali ya Tabora."

Nikautazama ule ufunguo. Wa gari la mtu mwingine, lililokatwa huko ng'ambo. Haufungui hata mlango wangu mmoja. Nikaona nimwonyeshe kwamba Mnyamwezi ana moyo mkubwa.

"Kaa nao, Mzaramo! Ufungulie kabati la mihogo!"

Nikaondoka nikicheka. Nyuma yangu nilimsikia akiita, "We Mnyamwezi! Mnyamwezi we!" Nikapunga mkono bila kugeuka. Nilijiona mtani hodari.

Bosco akafunga kontrolboksi. Akazungusha ufunguo wangu. Gari likawaka, likavuta pumzi moja, likazima. Akarudia. Pumzi moja, kimya.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Si huyo hapo," nikasema, nikimwonyesha soketi.

Bosco akavua miwani. "Mzee. Ufunguo. Ilikuja na ufunguo wake."

Akanieleza taratibu, nadhani kwa kunihurumia. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna kidude kidogo kuliko punje ya mchele. Kompyuta inakijua hicho tu, haitaki kingine. Angekitoa, akibandike karibu na swichi ya kuwashia, basi ufunguo wangu ungezungusha na kile kidude kingejibu.

"Sasa uko wapi?"

"Nimemwachia mtani."

Bosco akaweka bisibisi chini. Shangazi, kule kitini, akaguna. "Vitu vya wawili havitenganishwi. Ungeniuliza, hata mimi ningekwambia."

Nilikimbia kurudi Gerezani na tumbo langu hili. Duka limefungwa. Jirani yake akaniambia Bi Mwanahawa amevuka kwenda Kigamboni, kesho kuna arobaini ya mjomba wake, atafungua Jumatatu. Akampigia simu, hapokei. Nilikaa kwenye ngazi ya duka lake nikajitukana kwa Kinyamwezi, maana Kiswahili hakikutosha.

Jioni ile tulikuwa Dodoma. Lakini Kulwa hakuuliza habari za Dodoma. Alipumua tu kwenye simu, akasema uji haupiti. Shangazi Doto akampa maneno matamu, akamuaga, akaiweka simu mapajani.

"Baba," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, nimerithi jina la baba yake. "Kesho kutwa asubuhi gari lisipowaka, nipandishe basi. Macho yakiharibika, yaharibike. Ila nimwone kwanza."

Sikulala vizuri.

Kivukoni mpaka Kigamboni

Alhamisi nikapanda basi la mwendokasi kutoka Gerezani mpaka Kivukoni. Pale Feri walikuwa wakinadi samaki, nikapita nimeshika pua na mfuko, nikaingia kwenye pantoni na umati wa watu na baiskeli. Nilikuwa na jina moja tu mdomoni: arobaini.

Ng'ambo nikamwambia dereva wa bodaboda anipeleke kwenye shughuli yenye turubai. Akanipeleka. Nikakaribishwa kwa vigelegele, nikapewa soda, nikakaa. Nilikuwa nimefika nusu ya chupa nilipojiuliza ni arobaini gani yenye vigelegele. Kumbe wanamtoa bibi harusi. Nikamaliza soda, kumwaga ni dhambi, nikaondoka kwa adabu.

Turubai la pili ndilo lilikuwa lenyewe. Nilifika wakati wa dua, nikavua viatu, nikakaa nyuma na wanaume, nikaitikia amina pamoja nao. Bi Mwanahawa nilimwona upande wa wanawake, ameinamisha kichwa, na pindo la kanga lina fundo. Nilitaka kumwendea tu nimwombe ufunguo. Halafu nikamsikia mzee aliyekaa mbele yangu, kaka wa marehemu, akimnong'oneza mwenzake.

"Hata mtani mmoja hakuja kumzika. Na yeye alivyokuwa akiwapenda! Mtu kaondoka kama mgeni."

Hapo ndipo nilipojua la kufanya, maana kazi ya mtani msibani ni kuvuruga mambo mpaka wafiwa wacheke. Dua ilipokwisha, wanawake wakashika masinia kwenda kupakua, nikatangulia jikoni. Nikaunyakua mwiko mkubwa wa pilau, nikaukumbatia, nikakaa juu ya kifuniko cha sufuria kilichokuwa chini.

"Mimi Mnyamwezi!" nikapaza sauti. "Huyu mzee amekufa na deni la mihogo! Pilau hili halipakuliwi mpaka Wazaramo walipe!"

Masinia yakasimama hewani. Nikafikiri kama nimekosea watapata wa kumzika wa pili. Kisha yule mzee akaja akichechemea, akaniona, akaanza kucheka mpaka akashikwa na machozi.

"Mtani kafika! Jamani, mtani kafika!"

Yakawa hayo. Mmoja akanimwagia maji, mmoja akaniita punda wa mizigo, mwanamke mmoja akalia na kucheka kwa pamoja akisema marehemu angekaa mpaka usiku akinijibu. Nikamsema marehemu kwa uchoyo ambao hakuwa nao, nao wakafurahi. Katikati ya hayo Bi Mwanahawa akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Nipe mwiko, watu wana njaa."

"Nipe ufunguo, gari lina njaa."

"Ah!" Akapiga paji la uso. "Nilikungoja dukani mpaka saa tisa! Nilikuita hukugeuka!"

"Nilidhani unatania."

"Nilikuwa natania! Ndiyo maana nilikungoja. Mateka asipokombolewa si utani tena, ni wizi. Umenifanya mwizi, Mnyamwezi, siku nzima nimebeba kitu cha watu katika arobaini ya mjomba wangu!"

Alisema kweli. Mimi niliyejiona nimeucheza utani vizuri ndiye niliyeuacha nusu. Nikamweleza juu ya kidude kisichozidi punje ya mchele, ambacho alikijua kuliko mimi, kisha juu ya Doto na Kulwa. Akafungua fundo kwa meno, akauweka ufunguo kiganjani mwangu, akauchukua mwiko.

"Asali nataka lakini," akasema. "Ya nyuki wadogo. Na huyo shangazi umpelekee hili." Akanijazia pilau kwenye kontena, na nyama za juu juu, zile za wageni wa heshima.

Kulifukuza gari letu wenyewe

Ijumaa asubuhi, jua halijawa kali, Bosco aliupasua ule ufunguo kwa kisu, akakitoa kidude kwa kibano, akakibandika chini ya usukani kwa utepe mweusi. Shangazi alisimama kwenye dirisha la gari na miwani yake myeusi, mkono kifuani.

Nikazungusha. Gari likawaka. Tukangoja ile pumzi moja ipite. Ikapita. Ikapita robo saa, ikapita nusu. Bosco akalizima, akaliwasha, mara sita. Shangazi akapiga makofi, na sauti moja kutoka upande wa mitumba ikaitikia bila kujua habari, "Chagua upendeze!"

Sasa tatizo lilikuwa jingine. Kwenye simu tulikuwa tumeshalala Dodoma, tukapita Manyoni Alhamisi jioni. Kwa hiyo nilitoka Dar nikiwa nyuma ya safari yangu mwenyewe kwa nusu ya nchi. Sikusimama hata kununua machungwa, ila kwa matone. Chalinze, tulipokula mahindi Jumatatu, tuliipita tunatafuna pilau la Kigamboni. Ijumaa jioni, tulipofika Dodoma ya kweli, Shangazi alimwambia Kulwa kwamba tuko Itigi na barabara ni mbaya kidogo. Kulwa akasema, "Haya." Ni hilo tu.

Jumamosi alasiri tukaingia Tabora. Shangazi Doto hakutaka kushikwa mkono. Alishuka mwenyewe, akapita uani akigusa ukuta kwa mazoea, halafu akakumbuka kwamba anaona, akauacha. Chumbani Kulwa alikuwa amelala ubavu, amekonda, macho wazi. Mjukuu wake akaninong'oneza kwamba asubuhi amekunywa uji kikombe kizima.

Doto akavua miwani myeusi. Akakaa kitandani. Akamtazama pacha wake, paji la uso, mashavu, kidevu, polepole.

"Mmefika kutoka Msamvu," akasema Kulwa.

"Nini?"

"Mimi nimekaa Ilala miaka mitatu, nikiwa msichana, kwa marehemu kaka. Soko la mitumba la Mchikichini nitalisahau? Nilijua hamjaondoka. Nikasema nisimvunje moyo, acha nimsindikize hivyo hivyo mpaka aje."

Mkono wa Doto ulikuwa umeshika shavu la mwenzake, mwingine umeshika la kwake.

"Kulwa," akasema, "kumbe tumezeeka hivi."

"Sema wewe," Kulwa akamjibu. "Mimi naumwa tu."